Moto Mdomoni mwa Mama

Kwetu, kaskazini kabisa ya Kabo Delgado, mwanamke akivuta sigara huuoni moto. Anaiwasha kama watu wote, anavuta mara mbili tatu mpaka ishike, kisha anaigeuza, anauingiza upande wenye moto kinywani, anafunga midomo, na kazi zinaendelea. Ukiuliza sababu utaambiwa upepo. Maji yakitoka, wanawake wetu wako pwani wameinama, mkono mmoja una kijiti cha kuchokolea pweza na wa pili una kapu, na upepo wa kusi hauna adabu. Moto ukiwa nje unazimika, ukiwa ndani uko nyumbani kwake. Tena majivu hayamdondokei mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikiwasimulia watu wa mbali habari hii hushika midomo yao wakadhani nawatania. Siwatanii, na huwa naudhika wakidhani hivyo, kwa sababu mimi nilibebwa tumboni na mwanamke wa namna hiyo, na kwa ajili ya sigara yake nimewahi kuonyeshwa mbele ya kijiji kizima kama mbuzi wa mnada.

Mama alifundishwa na bibi, na bibi alifundishwa na mama yake. Mama aliweza kutwanga mpunga, kukuna nazi, kunipiga kofi na kumjibu jirani, yote hayo sigara ikiwa imefungiwa ndani. Maneno aliyasema kwa pembe ya mdomo na kwa nyusi. Nyusi zikipanda, njoo. Zikikutana, kimbia. Mpaka leo nikimwona mtu anaongea huku amefungua mdomo wote, naona anapoteza nguvu.

Mimi nilikuwa mtundu. Nalisema bila kujisifu, ingawa sikatai sifa. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mnazi uliolala kidogo, na mtoto wa kike kupanda mnazi kwetu ni aibu, kwa hiyo niliupanda kila siku. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani sikuweza kukaa mkekani hata sura moja ikaisha. Shuleni nilitokea dirishani kwa sababu mlango ulikuwa mbali. Nilipigwa, nikafukizwa ubani, nikaandikiwa kombe nikanywa. Bibi alisema damu yangu ina moto. Mama hakusema kitu, alipandisha nyusi tu, nikaja.

Ndipo wakaja watu wa gesi. Miaka ile gesi ilikuwa imeonekana chini ya bahari, nyingi mno, walisema, na ghafla kijiji chetu ambacho hata muuza ndizi wa Palma alikipita bila kusimama kikawa na wageni wenye kofia ngumu za njano. Wapimaji walichomeka vijiti kila mahali: njiani, mashambani, nyuma ya vyoo, na kila kijiti kilifungwa utepe mwekundu unaong'aa. Mtu gani mwenye akili anafunga utepe mzuri namna ile kwenye kijiti? Niliukusanya wote nikawafunga mbuzi shingoni. Wapimaji waliporudi na vyombo vyao wakakuta alama zao zinatembea, zinakula majani, nyingine zimeshuka pwani, na moja imepanda juu ya kaburi la mtu wa heshima. Mzungu mmoja alikaa chini akacheka mpaka machozi. Bosi wake hakucheka.

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye sisi sote tulimwita Shefe, aliitwa akakaripiwa mbele ya watu wake. Aliniapia kwamba atanipata. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti moja kubwa, na katika wiki ile ile aliitwa kwenye mikutano miwili. Mmoja ulikuwa wa watu wa gesi, kuhusu hatari ya moto karibu na mitambo yao. Wa pili ulikuwa wa afya: enfermera, yaani muuguzi, alitumwa kutoka mjini kuja kusema na wanawake wenye mimba. Mikutano yote miwili ilifanyika katika chumba kile kile cha shule, na nadhani ndani ya kichwa cha Shefe haikutengana tena.

Mama alikuwa na mimba siku hizo, tumbo limeshajitokeza. Alikwenda kwenye mkutano wa enfermera pamoja na wanawake wengine, nami nikaenda kwa njia yangu, juu, nikakaa kwenye kenchi chini ya bati.

Enfermera alikuwa binti mdogo wa kusini, mpole, viatu vyake vyeupe vimejaa mchanga. Alijua Kireno na lugha ya kwao, Kiswahili hakujua hata salamu. Shefe ndiye aliyefasiri. Binti akatundika ukutani picha kubwa ya mwanamke mjamzito mwenye sigara, moto uko nje, moshi unapanda. Wanawake wakaitazama kwa huruma.

"Maskini," akasema bibi yangu, "ameikamata kinyume. Atawaunguza watu."

Enfermera akauliza nani hapa anavuta sigara. Shefe akafasiri. Hakuna aliyenyoosha mkono. Binti akatabasamu, akaandika, akasema amefurahi sana. Mimi kule juu niliona vizuri mambo ambayo yeye hakuyaona: midomo ilivyofungwa kwa adabu, mashavu yalivyovimba kidogo, na kwenye safu ya nyuma uzi mwembamba wa moshi ukitoka katika tundu la pua la mke wa imamu.

Kisha akamchagua mama, kwa kuwa tumbo lake lilionekana, akamwita mbele na kumuuliza jina. Mama akapandisha nyusi. Enfermera akauliza tena. Mama akajibu kwa pembe ya mdomo, na mgeni asiyezoea asingeweza kupata hapo hata herufi. Binti akadhani ni bubu. Akamshika bega kwa upole, akainama, akamwambia kwa sauti ya juu, polepole, kama wanavyoambiwa mabubu, afungue mdomo amwangalie koo. Shefe akafasiri. Mama alikuwa mtiifu kwa wakubwa na wageni, basi akafungua.

Moshi ulitoka mwingi kuliko nilivyotarajia. Binti aliruka nyuma akaangusha picha yake. Mama, kwa kuona aibu, aliinyanyua sigara kwa ulimi, akaigeuza, akaitoa ikiwa bado inawaka, akaishika mkononi na kusema jina lake vizuri kabisa.

Tulicheka. Hata enfermera, baada ya kuketi na kunywa maji, alicheka. Lakini alipomaliza kucheka akaanza kusema, na hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka. Alisema moshi wa sigara haukai mdomoni, moto uwe ndani au nje. Unaingia kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo. Na akikua, huenda akawa mgumu kutulia, mwenye hasira za haraka, mzito wa kusikiliza darasani. Huenda. Mimi nilikuwa na Kireno cha darasa la tatu, na neno "talvez" nililijua, maana yake labda, huenda. Binti yule alilitia katika kila sentensi. Alisema pia kwamba huwezi kumtazama mtoto mmoja ukasema huyu ni sigara, kwa sababu watoto wana mambo mengi.

Shefe alisikiliza yote, mikono ndani ya koti. Kisha akatugeukia na kufasiri.

"Anasema mtoto wa mvuta sigara hutoka mwehu." Akanyoosha kidole juu kwenye kenchi. "Mtazameni huyu."

Wote wakanitazama. Sikuwalaumu sana, kwa kuwa nilikuwa nimening'inia kwa magoti. Baadaye niliuelewa mzigo wa Shefe: kiongozi aliyeitwa mikutano miwili katika wiki moja hawezi kusimama mbele ya watu na kusema labda. Labda ni neno la mtu asiye na koti. Kwa hiyo talvez zote za yule binti zilibaki ukutani na picha yake, na mimi nikashuka kutoka juu nikiwa ugonjwa.

Mwanzoni nilinufaika. Shefe aliwaeleza wapimaji kwamba habari ya mbuzi haikuwa makosa ya mtu, ilikuwa tumbaku, na bosi asiyecheka akasikitika, akanipa biskuti. Chuoni mwalimu aliweka bakora chini. "Huyu utampiga vipi, na kosa ni la tumboni?" Nilimwaga ndoo ya jirani nikasema ni sigara. Nilimng'ata binamu yangu nikasema ni sigara. Yeye akanirudishia, na mama yake hakuwahi kuvuta maishani mwake, lakini jambo hilo hakuna aliyelitia maanani.

Shefe naye akatangaza amri yake, iliyokuwa imechanganya mikutano yote miwili. Gesi iko chini yetu, alisema, na moto uko midomoni mwa wanawake wetu, kwa hiyo mwanamke mwenye sigara asiketi chini, wala asipige chafya ameelekea baharini. Kuanzia siku hiyo ungewaona wanawake wazima wamesimama kwenye shughuli za watu, mashavu yamejaa, wakipiga chafya wanageukia bara, upande wa Diaka. Bibi peke yake alikataa. Alikwenda pwani, akaketi mchangani, akawasha, akageuza, akaikabili bahari jioni nzima akingoja ilipuke. Alirudi analalamika kwamba hata kitu chao hakina nguvu.

Nyumbani kwetu hesabu ilikuwa nyingine. Mashangazi walikaa wakipima ni wapi nimeharibika na ni wapi nimepona. Bibi akakumbuka kwamba mimba yangu ilipitiwa na Ramadhani, na mama alifunga mwezi mzima, mchana hakugusa sigara. Basi kuna sehemu yangu iliyotengenezwa Ramadhani, nayo lazima ni nzuri. Walinigeuzageuza kuitafuta. Shangazi mmoja alisema ni masikio, kwa kuwa yamekaa vizuri. Bibi alisema ni tumbo, kwa sababu nikila natulia. Nilicheka pamoja nao mpaka nilipomwona mama.

Mama hakuwa anacheka. Tangu siku ya mkutano hakuweka moto mdomoni. Aliivunja pakiti yake siku ile ile, akaitupa chooni, na mdomo wake ambao maisha yangu yote niliujua ukiwa umefungwa sasa ulikuwa wazi kidogo, kama haujui ukae vipi. Alikuwa ananitazama. Hakunitazama kwa hasira, hasira nilizizoea. Alinitazama kama mtu anavyokitazama chungu alichokipasua mwenyewe na bado anatakiwa kukipikia.

Hapo utani wote ulinitoka. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa vizuri kabisa: mama yangu alikuwa anajuta, na kitu anachokijutia ni mimi. Sijawahi kuogopa namna ile, wala juu ya mnazi, wala siku ile mamba wa Rovuma alipotuvukia njia. Nikaamua kumwonyesha kwamba sikuharibika. Nitatulia.

Nilikaa mkekani asubuhi, miguu nimeikunja, mikono mapajani. Nikakaa. Nzi akatua usoni nikamwacha. Chakula kikaja nikala polepole, nikashukuru. Siku ya pili hivyo hivyo. Majirani walianza kupita kuangalia. Bibi akanishika paji la uso, akanusa kinywa changu, akasoma Yasini. Jirani aliyemwagiwa ndoo akasema moshi sasa umepanda kichwani, na kwamba alipokuwa anamwagiwa ndoo kulikuwa na matumaini zaidi. Shefe mwenyewe alikuja, akazunguka mkeka, akaondoka, na baadaye tukasikia amesema dalili za mwisho huwa hivi.

Mama wakati huo alikuwa anaruka ukuta. Mwili wake ulioachishwa moto haukujua pa kwenda. Alimfukuza kuku mzunguko wa nyumba mbili kwa sababu kuku yule alimkata jicho. Aligombana na mwuza chumvi, akagombana na chumvi yenyewe. Alimtupia baba mwiko, akauokota, akamtupia tena. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa kimya, aliyeshona bila kuinua macho. Siku moja aliinua, akatutazama, mimi nimekaa mkekani kama bibi harusi na mama yuko juu ya pipa anapiga kelele, akauliza, "Jamani, kati yenu nani aliyevutiwa sigara tumboni?"

Mama akashuka kwenye pipa akalia. Baba alitaka kufuta neno lake, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alikwenda dukani akarudi na sigara moja, akaiweka mbele ya mama. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Akachukua mswaki wa mti, akautia mdomoni, akafunga midomo, akarudi jikoni. Sigara ile bibi aliichukua.

Mdogo wangu alizaliwa msimu wa korosho, mnene, kichwa kikubwa, na mpole wa ajabu. Alilia mara moja kutoa taarifa, akanyamaza. Ukimweka hapa, utamkuta hapa. Watu walimiminika kumwona. "Mwaona?" wakasema. "Huyu hakuvutiwa." Kila mtu aliyemsifu alimaliza kwa kunitupia jicho mkekani.

Sikumchukia, lakini nilimwombea awe mtundu. Naam, nilikaa karibu na kitanda chake nikamwomba Mungu ampe wazimu kidogo tu, kiasi cha kutosha watu waone. Akiwa mtundu, basi sigara si kitu, nami ni mzima. Akitulia, basi mimi ndiye yule chungu. Nilimfundisha. Nilimwekea kidole mdomoni ang'ate, akakinyonya. Nilimvuta sikio, akatabasamu. Nilimnong'oneza habari zote za mbuzi na utepe, akalala.

Enfermera alirudi kupima watoto. Alitundika mizani kwenye kenchi ile ile niliyokuwa nimekalia mimi, na mdogo wangu akaning'inia ndani ya mfuko wake wa kitambaa, macho makubwa, anashangaa dunia kwa ustaarabu. Shefe hakuwepo, alikuwa ameitwa kwenye mkutano mwingine. Mama akanivuta mkono.

"Wewe una Kireno," akasema. "Niulizie. Mwambie huyu niliyemwacha bila moshi ametulia. Na huyu wa kwanza," akanigusa kichwa, sauti ikapungua, "mwulize huyu, ni mimi?"

Nikauliza. Kireno changu kilikuwa kibovu, lakini swali halikuhitaji kizuri. Binti yule aliacha kuandika. Alinitazama, akamtazama mama, akajibu taratibu ili nielewe. Alisema mama amefanya jambo jema kubwa kuacha, na asirudi. Kuhusu mimi, alisema, hakuna daktari anayeweza kujua. Talvez moshi ulichangia. Talvez haukuchangia chochote. Kuna watoto wengi wa wasiovuta walio kama mimi, na wapo waliovutiwa walio kama huyu anayening'inia.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Wanawake wote waliacha kupepea watoto wao. Nilikuwa na nafasi ambayo Shefe alikuwa nayo siku ile. Ningeweza kusema, anasema si wewe. Neno lilikuwa tayari ulimini, na hakuna mtu chumbani ambaye angenikosoa. Lakini nilimtazama mdomo wake uliokuwa wazi kidogo, nikaona nikimdanganya atajua kwa nyusi zangu.

"Anasema usirudi kuvuta," nikasema. "Na mimi, anasema labda."

"Labda ndiyo?"

"Labda. Labda ndiyo, labda siyo. Hakuna anayejua."

Nyusi za mama zikapanda, polepole, nikadhani ananiita, kumbe alikuwa anakasirika.

"Labda?" akasema. "Nimemtupia mume wangu mwiko, nimepigana na kuku mbele za watu, mwanangu amekauka mkekani kama ng'onda, kwa labda?" Akaanza kucheka, kile kicheko cha mdomo wazi ambacho sikuwahi kukisikia kwa sababu siku zote moto ulimzuia. "Na Shefe aliyasikia haya haya?"

"Aliyasikia."

"Ah, yule na koti lake!"

Tulirudi nyumbani, yeye na mtoto mgongoni. Niliingia ndani nikaelekea mkekani, kwa mazoea. Nilikuwa nimeshakunja miguu alipoingia, akaukamata mkeka upande mmoja, akauvuta nikabingirika sakafuni.

"Toka nje," akasema. "Nyumba imekuwa kimya, naogopa. Sijui uko wapi."

"Niko hapa, mama."

"Uko hapa ndiyo, lakini sikusikii."

Palipokuwa na nyumba ile sasa pana waya mrefu wa watu wa gesi na mlinzi, na mnazi ulikatwa. Lakini siku ile ulikuwepo, nami niliukimbilia, nikaupanda mpaka kwenye makuti, nikapiga kelele mpaka jirani akaficha ndoo yake. Chini, mama alitoka uani. Mdomoni hakuwa na kitu, na hajarudia kuvuta mpaka leo. Alimtoa mdogo wangu mgongoni, akamgeuza, akamshika kidevu akamwinulia uso juu.

"Mtazame dada yako," akamwambia.

Yule mtoto akatazama, ametulia.

"Mtazame," mama akarudia, "umwige."